Sauti Iliyobaki Benki

Jumatano moja ya mwezi wa pili, saa tatu asubuhi, Lukresia Mgaya alikuwa ndani ya kibanda cha uwakala cha shangazi yake Teodora, pale Makambako, karibu na inapoanzia njia ya Songea. Alikuwa anamhudumia mzee Ezekieli, aliyekuja kutoka Matembwe kufuata malipo ya mbao. Mzee alishaingiza namba ya siri, na wote wawili walikuwa wanasubiri ujumbe uingie. Kulikuwa na ukungu, mtandao ulikuwa mzito. Simu ya mzee ikaita. Kwa kuwa masikio yake hayakuwa mazuri, aliweka spika.

"Habari za asubuhi, baba," simu ilisema. "Naitwa Erica, napiga kutoka benki, tawi la Njombe. Samahani kwa usumbufu."

Ilikuwa sauti ya Lukresia. Haikuwa ya kufanana tu. Ilikuwa na ule mkwaruzo mdogo kwenye neno samahani, alioupata alipougua nimonia akiwa darasa la tano, na ilivuta pumzi pale anapovuta yeye, kabla ya kutaja jina la mtu. Mzee Ezekieli alimtazama Lukresia mdomoni. Mdomo ulikuwa umefumba.

"Si wewe huyu?" aliuliza.

"Si mimi, baba. Mimi niko hapa."

"Haya," alisema mzee, akaendelea na simu yake. Sauti ilimweleza kwamba semina ya wakulima wa parachichi imesogezwa hadi Ijumaa, ikamuulizia mguu wake, ikamtakia siku njema. Mzee alipomaliza alipokea pesa zake, akavuta zipu ya koti hadi kidevuni.

"Anaongea vizuri," alisema. "Kama wewe ulivyokuwa."

Lukresia alimkabidhi risiti. Kitu kilikuwa kimemwingia pamoja na sauti ile. Alikijua. Alishawahi kukihisi kwa wenzake waliomaliza naye chuo, kwa binti wa jirani aliyeolewa na mhandisi, hata kwa mtangazaji wa redio aliyesoma habari za soko la hisa akikosea matamshi. Lakini haikuwahi kumtokea kuionea wivu sauti yake mwenyewe. Sauti ilikuwa na ajira, yeye hana.

Alikuwa ameajiriwa kwenye tawi hilo la Njombe miaka mitatu nyuma, akiwa na miaka ishirini na minne. Walioomba walikuwa zaidi ya mia tatu, wakachukuliwa wanne. Mama yake, Oktavia, alitoa sadaka ya shukrani parokiani Uwemba na kupika kande kwa majirani wote. Lukresia alipewa meza namba tatu, idara ya mikopo, na kila wiki alipanda gari la benki kwenda Lupembe kukagua mashamba ya chai na Matembwe kukagua misitu ya mbao. Alikuwa na sweta la bluu lenye nembo. Alilifua kila Jumamosi na kulianika kivulini lisipauke. Wakulima walimpenda kwa sababu alisalimia kwanza kabla ya kuuliza chochote, na alipopiga simu aliwauliza habari za ng'ombe kwa majina ya ng'ombe.

Katika mwezi wa kumi na moja wa kazi, meneja wa tawi, Bwana Anania, alimletea faili la kiwanda cha kupasua mbao.

"Saini ripoti ya ukaguzi," alisema. "Gari liko gereji. Mimi mwenyewe nimefika, mashine zinanguruma."

Lukresia alisaini. Wakaguzi walipofika mahali penyewe walikuta shamba la mipaini na mbuzi wawili. Siku moja kabla ya kamati ya nidhamu, Bwana Anania alimwita kwenye gari lake na kufunga vioo.

"Ukinitaja tunaondoka wote," alimwambia. "Usiponitaja, miezi sita tu nakurudisha. Mimi nina neno langu."

Kamati ilikaa dakika ishirini. Walimuuliza kama ana la kusema. Alifungua mdomo, akamtazama Bwana Anania aliyekuwa anakunja vizuri mkono wa shati lake, akasema, "Sina." Akapewa barua ya kuachishwa kazi, ya mistari mitatu, iliyosema hakuwa makini. Alichukua kikombe chake na mwavuli, akasaini fomu ya makabidhiano, akaondoka na basi la saa tisa. Sweta walilichukua.

Mlinzi wa pale, mzee Yohanes, alieleza baadaye kwamba kuanzia jioni hiyo alisikia mtu akisafisha koo kwenye meza namba tatu. Alidhani ni panya, akaweka mtego.

Baada ya wiki tatu aliajiriwa Erica Sanga, binti wa Kikinga kutoka Tandala. Alikaa kwenye meza namba tatu, akafungua mdomo kumsalimia mteja wa kwanza, ikatoka sauti ya Lukresia. Erica akanywa maji, akajaribu tena. Ilikuwa ileile. Alikwenda nayo nyumbani, akaamka nayo. Fundi wa mitambo aliitwa kutoka Mbeya akakagua simu ya mezani, hakuona kasoro. Janeth wa dirishani alisema afadhali iwe hivyo, wateja walishaizoea. Mambo yakaendelea.

Miezi sita ilipita na Bwana Anania hakupokea simu za Lukresia. Mwaka ulipita. Tawi la Njombe liliongoza kanda nzima kwa mikopo ya wakulima, kwa sababu wakulima walipopigiwa simu walisikia sauti waliyoijua, wakaja. Bwana Anania alipandishwa cheo akawa msimamizi wa kanda. Erica akawa mfanyakazi bora. Wiki ileile ya mzee Ezekieli, Lukresia aliiona picha yake kwenye simu ya shangazi: Erica ameshika cheti na nyuma yake kuna jokofu jipya lenye utepe. Alikuza picha kwa vidole viwili mpaka akaona nyuzi za nembo kwenye sweta la bluu. Mkono wa kushoto ulikuwa umerefuka kidogo na kukunjwa. Lukresia alikuwa na mikono mirefu, Erica mifupi. Alimrudishia shangazi simu.

"Lile ni sweta langu," alisema.

"Nenda ukalidai," alisema shangazi Teodora. "Na sauti yako uidai. Utakaa kimya mpaka lini?"

Alimpigia Janeth, ambaye bado alikuwa anasalimiana naye. Janeth alikwenda kuangalia kwenye kabati la majalada, akarudi.

"Umesaini hapa," alisema. "Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba nimechukua vitu vyangu vyote. Tarehe na sahihi yako."

"Sikujua kwamba sauti imebaki."

"Ndiyo, ila umesaini, dada."

Tangu Jumatano ile ya mzee Ezekieli, Lukresia alijenga tabia ambayo hakumwambia mtu. Kila mara wateja walipopungua kibandani alichukua laini nyingine, akapiga namba ya benki na kuuliza masharti ya kufungua akaunti ya kikundi. Aliyajua masharti hayo kuliko yeyote mkoani. Alisikiliza sauti yake ikiyaeleza moja baada ya jingine, bila haraka, bila kuchoka. Siku moja alitania kidogo kuhusu baridi ya Njombe, na sauti ikacheka. Lukresia alikata simu. Yeye hakuwa amecheka hivyo tangu mwaka wa barua.

Jumamosi moja alikwenda Uwemba kumsalimia mama. Alimkuta kwenye kigoda jikoni anamenya viazi, simu ameibana kwa bega, anacheka hadi machozi.

"Shikamoo mama. Unaongea na nani?"

"Marahaba. Na wewe," alisema Oktavia. Akasema kwenye simu, "Ngoja, mama, mwenyewe kaja. Nitakupigia kabla hamjafunga." Akaiweka simu kwenye khanga.

Lukresia alikaa kwenye gogo. "Yule ni Erica."

"Najua ni Erica. Nimemwambia siku akija kukagua mashamba huku apite, nimpe viazi." Oktavia alitumbukiza kiazi kwenye maji. "Usinune. Mwaka ule ulipokuwa kazini ulinipigia kila siku. Mama umekula, mama miguu inaumaje, mama leo nimekwenda Lupembe. Sasa wewe nikikuuliza habari za huko unaniambia ni zilezile. Yule nikimuuliza ananijibu."

"Kwa hiyo unampenda yeye."

"Nampenda binti yangu mwenye kazi," alisema Oktavia kwa upole. "Na wewe nakupenda. Chukua kisu, hivi vimebaki vingi."

Lukresia alichukua kisu. Alimenya kwa hasira, maganda mazito, mpaka mama yake akamwambia anapoteza kiazi.

Alikuwa ameshajaribu kurudi. Alisoma mitihani ya bodi ya uhasibu kibandani, kitabu kikiwa chini ya kaunta, akafaulu karatasi nne kwa mara ya kwanza. Aliitwa kwenye usaili Iringa, kisha Mbeya, kwenye benki mbili tofauti. Mara zote mbili alijibu vizuri mpaka walipouliza kwa nini aliondoka kazini, wakaomba barua ya mwajiri wa zamani. Barua aliyokuwa nayo ilikuwa ile ya mistari mitatu. Mwenzake wa darasa, aliyekuwa akinakili kazi zake, sasa alikuwa mchambuzi wa dhamana Dar es Salaam na aliweka picha za vikao vyenye maji ya chupa. Lukresia alizitazama zote mpaka mwisho. Hakuacha hata moja.

Mwezi wa sita benki yake ya zamani ilitangaza nafasi moja ya afisa mikopo, tawi jipya la Makambako. Lukresia aliomba. Hapo tu ndipo hakuhitaji barua ya mwajiri wa zamani, kwa kuwa mwajiri wa zamani ndiye aliyekuwa anaajiri.

Waombaji walikuwa mia sita na arobaini. Mtihani wa kuandika ulifanyika kwenye bwalo la shule moja Njombe, asubuhi ambayo barafu nyembamba ilikuwa imelala juu ya majani ya uwanjani. Watu waliandika wakiwa wamevaa glavu. Kijana aliyekaa mbele yake alikuwa na shahada ya uzamili na kikokotoo cha bei mbaya. Lukresia alikitazama kikokotoo kile kwa chuki, kisha akainama na kujibu maswali yote arobaini. Matokeo yalipobandikwa alikuwa wa kwanza. Waliitwa tisa kwenye usaili wa ana kwa ana, ghorofani, katika jengo lilelile.

Mezani walikaa watu wanne. Bi Hilda wa rasilimali watu alitoka makao makuu, na alivaa makoti mawili. Bwana Anania alikaa katikati. Janeth aliandika muhtasari. Na mwishoni mwa meza alikaa Erica, ambaye sasa alikuwa mkuu wa mikopo na alikuwa anaandaliwa kuongoza tawi la Makambako. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko kwenye picha. Alimtazama Lukresia kama mtu aliyevaa kitenge cha kuazima akakutana na mwenyewe sokoni.

"Karibu," alisema Erica kwa sauti ya Lukresia.

"Asante," alisema Lukresia kwa sauti yake.

Janeth aliinua kalamu. "Naomba mtakapozungumza muinue mkono," alisema, "nisichanganye."

Walimuuliza juu ya dhamana, juu ya msimu wa chai, juu ya namna ya kutambua mkulima anayekopa ili alipe deni jingine. Alijibu. Bi Hilda alikuwa anaandika alama na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha alifunua ukurasa.

"Bi Lukresia Mgaya, naona uliwahi kuwa wetu. Tueleze, kwa nini uliacha kazi?"

Lukresia alikuwa amelifanyia mazoezi jibu la swali hilo kwa wiki tatu mbele ya kioo cha shangazi. Lilikuwa jibu zuri. Lilizungumzia kujifunza na kukomaa, na halikumgusa mtu. Alivuta pumzi. Lakini Erica alikuwa tayari amefungua mdomo.

"Faili lile alileta Bwana Anania mwenyewe," ilisema sauti. "Aliniambia nisaini, alisema amefika. Hakuwa amefika. Kisha aliniambia nisimtaje."

Erica alifunga mdomo kwa kiganja. Nje lori la mbao lilipita likibadilisha gia. Bwana Anania alipanga karatasi zake zikawa sawa pembeni.

"Niandike amesema nani?" aliuliza Janeth.

Hakuna aliyeinua mkono.

"Amesema Erica," alisema Bwana Anania. "Wote tumeona mdomo."

"Mimi sikusema," alisema Erica, kwa sauti ileile. "Mimi wakati huo nilikuwa Tandala. Sijui habari za faili."

"Basi ni msailiwa," alisema Bi Hilda. "Sauti ni yake."

"Msailiwa hajafungua mdomo," alisema Janeth. "Nilikuwa namtazama."

Walijadili kwa muda. Kauli ya mtumishi huwa na fomu yake, na kauli ya mwombaji kazi huwa na fomu nyingine. Kauli ya mtumishi kwa sauti ya mwombaji haikuwa na fomu. Bi Hilda alivua miwani, akamgeukia Lukresia.

"Wewe mwenyewe unasemaje? Ni kweli?"

Lukresia aliwatazama wote wanne. Bwana Anania alikuwa anakunja mkono wa shati lake. Nafasi ilikuwa moja na yeye alikuwa wa kwanza. Nje kwenye benchi walikaa watu wanane, mmoja wao na kikokotoo.

"Swali lilikuwa kwa nini niliacha kazi," alisema. "Nilijifunza mengi, na nimekomaa."

"Vizuri," alisema Bi Hilda, akaandika alama. Maneno ya sauti Janeth aliyaweka chini kabisa ya muhtasari, kwenye mengineyo.

Alipokuwa anashuka ngazi alisikia viatu nyuma yake. Erica alikuwa ametoka bila koti.

"Dada, nisamehe," alisema. "Sijapanga. Ilitoka."

"Najua."

"Nataka ujue kitu." Erica alishika reli ya ngazi. "Mimi nilikuwa naimba soprano kwaya ya usharika nyumbani. Watu walikuwa wanatoka Ikonda kuja kunisikia. Nilipokwenda likizo nikasimama kuimba, ikatoka hii. Mwalimu wa kwaya alinishusha. Aliniambia ni sauti nzuri kwa simu, kwa zaburi hapana. Mama yangu anapiga anasema hanijui. Mama yako ndiye anayenipigia." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Yangu ilikwenda wapi, sijui. Nakuonea wivu, dada. Wewe ukifungua mdomo unajikuta umo."

Lukresia alijua kwamba hapo alipaswa kumhurumia. Alitafuta huruma, hata akaiona kwa mbali. Lakini kitambulisho kilikuwa kinaning'inia shingoni kwa Erica, kimeandikwa Mkuu wa Mikopo kwa herufi za dhahabu, na macho yake hayakuweza kupita pale.

"Ubadilishe unachokunywa," alimwambia. "Hiyo sauti wakati wa baridi inataka tangawizi na asali, siyo maji tu. Unaiharibu."

"Asante, dada," alisema Erica.

Barua ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Alikuwa amepata kazi: afisa mikopo msaidizi, mkataba wa mwaka mmoja, unaoweza kuongezwa kwa kuridhika kwa mwajiri. Neno msaidizi halikuwamo kwenye tangazo. Kifungu cha tisa kilisema hatapiga wala kupokea simu za wateja, ili kuepusha mkanganyiko. Simu zote zitapigwa na mkuu wa tawi, Bi Erica. Janeth alimweleza kwa siri kwamba aliyempigania sana ni Bwana Anania. Bwana Anania alisema kwamba maneno yale yakisemwa na mtu wa nje ni tuhuma, bali mhusika akiwa ndani ni malalamiko ya ndani, na malalamiko ya ndani yana utaratibu.

"Chukua," alisema shangazi Teodora. "Mguu mmoja ndani si sawa na yote miwili nje."

Alichukua. Alipewa sweta jipya, mikono mifupi kidogo. Alirudi mashambani. Alipanda milima ya Lupembe, akapima mistari ya chai kwa hatua, akaihesabu miche ya parachichi, akaandika ripoti ambazo makao makuu walizitumia kufundishia wengine. Alifika kila mahali kwa miguu yake kabla ya kusaini. Wakulima walimsalimia kwa kichwa. Hawakuwa na hakika kama anaruhusiwa kuongea. Jioni alikabidhi mafaili kwa Erica, na kupitia ukuta wa mbao laini alisikia sauti yake ikiwapigia wakulima walewale, ikiwapongeza, ikiulizia ng'ombe ambao majina yao aliyaandika yeye pembeni mwa ripoti. Wakulima walishukuru. Walimshukuru Erica.

Tangu siku ya usaili sauti ilikuwa na jambo moja jipya. Mara tatu au nne kwa wiki, katikati ya simu, ilisema, "Faili lile alileta Bwana Anania mwenyewe, aliniambia nisaini, alisema amefika, hakuwa amefika," kisha ikaendelea na tarehe za semina. Mwanzoni Erica aliomba radhi kila mara. Baadaye aliacha. Wateja nao walizoea, kama wanavyozoea tangazo la redio. Wengine walisema, "Ndiyo mama, tunajua, endelea." Bibi mmoja wa Mtwango aliambiwa hayo mara saba na kila mara akajibu pole.

Wakaguzi walikuja mwezi wa tisa. Waliisikia wakiwa wanakunywa chai. Mkubwa wao alitoa daftari, akasema jambo hilo ni zito na angependa kulipata kwa maandishi. Lakini sauti haiandiki. Alimuuliza Erica, Erica akasema wakati ule alikuwa Tandala. Alimuuliza Lukresia kama ana la kuongeza. Lukresia alikuwa na kalamu mkononi. Alikuwa pia na mkataba wenye miezi tisa mbele, na orodha ya waombaji mia sita thelathini na tisa ilikuwa bado kwenye droo ya Bi Hilda, yule wa kikokotoo akiwa wa pili. Alisema hana. Mkaguzi alimalizia chai yake.

Mwezi wa kumi na mbili Bwana Anania alihamishiwa makao makuu kuwa mkuu wa kitengo cha kudhibiti udanganyifu. Watumishi wa Njombe na Makambako walichanga, wakakodi ukumbi Makambako, wakapika pilau na kuku. Wazee wa vikundi vya wakulima walileta ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye madumu. Bi Hilda alimwomba Lukresia aandike hotuba ya kumuaga, kwa kuwa kalamu yake ilijulikana. Lukresia aliandika kurasa mbili. Aliandika kwamba Bwana Anania ni baba wa vijana wengi katika taaluma hii, kwamba alifungua milango, kwamba hawatamsahau. Alirekebisha sentensi ya tatu mara nyingi hadi ikapendeza. Kusoma alipangiwa Erica.

Lukresia alikaa meza ya nyuma, karibu na spika. Erica alipanda jukwaani kwa gauni la kijani, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaanza. Sauti ilijaza ukumbi wote. Ilikuwa imetunzwa, mtu angejua inakunywa tangawizi. Ilisalimia itifaki yote bila kukosea jina. Baada ya aya ya pili ilisema, "Faili lile alileta Bwana Anania mwenyewe, aliniambia nisaini, alisema amefika, hakuwa amefika." Watu walisubiri, kama wanavyosubiri kipaza sauti kinapopiga mluzi. Bwana Anania alikuwa anatafuna; alimeza, akatikisa kichwa taratibu, akajifuta mdomo kwa karatasi laini. Erica akafunua ukurasa, sauti ikasoma aya ya tatu. Ilipofika pale pa baba wa vijana wengi ilitetemeka kidogo, vizuri sana, kuliko Lukresia alivyowahi kuisikia ikitetemeka akiwa nayo yeye. Wanawake wawili walilia. Ukumbi ulisimama.

Bwana Anania alishuka meza kwa meza akishikana mikono. Alipofika nyuma alimshika Lukresia mkono kwa mikono yake miwili bila kuuachia.

"Umeongea vizuri," alisema. "Umenigusa."

"Asante, bosi," alisema Lukresia.

Jukwaani watu walikuwa wanampiga Erica picha, na makofi yalikuwa hayajaisha. Lukresia aliyasikiliza yote, akayaonea wivu hadi la mwisho, kisha akaweka sahani chini ili naye apige.